Vitenge Juu ya Viti vya Jukwaa Jipya

Jumanne, 4 Machi

Kumbe yule bwana alinisikiliza kweli! Haya ndiyo yaliyonikuta. Andika, mkwe wangu, andika kama ninavyosema, usinipambie. Mguu wako ndio ulio kwenye plasta, mkono ni mzima.

Siku ile nilikuwa napangusa meza ya Bwana Uwanja. Meneja, lakini sisi tunamwita hivyo kwa sababu hatoki pale uwanjani hata mkewe akipiga simu mara tano. Ameshika kichwa. Jukwaa jipya limekwisha kujengwa, viti mia sita, vya bluu, vinang'aa kama vyombo vya harusi, na hajui tikiti auze kiasi gani. Hakuniuliza mimi. Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Mimi nikajibu! Nikamwambia bwana, cha bei ndogo hudharauliwa, weka mara tatu ya jukwaa la zamani, watu wenyewe watapigana mlangoni. Akaniangalia tu. Nikajua amenipuuza, kama anavyonipuuza mumeo.

Hakunipuuza. Mara tatu! Mechi nne sasa, jukwaa jipya linapata watu kumi na tisa. Nimewahesabu. Viti vingine vyote vinakaliwa na vumbi. Na kule jukwaa la zamani wamebanana mpaka mmoja akipiga chafya, jirani ndiye anayefuta uso.

Leo katuita wote tisa, wanawake wa kupangusa viti. Kasema wenye timu wamekasirika, kwenye runinga timu inaonekana inachezea viti vitupu. Jumamosi lisipojaa hata nusu, jukwaa linafungwa. Likifungwa, na sisi kwaheri.

Wale wanane wengine niliwaingiza mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba. Mama Pacha aliacha kazi ya kuosha vyombo hotelini kwa sababu yangu, nilimwapia kuwa kiti hakina mafuta, ukipangusa umemaliza. Wale pacha wake ndio kwanza wameanza shule. Leo kanitazama. Hakusema kitu. Ana tabia hiyo mbaya ya kutosema kitu.

Habari ya bei sikuwaambia. Niseme nini? Kwamba domo langu ndilo limekula ugali wao? Nikasema tu kichwa kinaniuma, nikaja zangu nyumbani.


Jumatano, 5 Machi

Nimepata akili! Nimekwenda sokoni kuwavuta watu mwenyewe.

Kinyozi wa kona nimemwambia, ukikaa jukwaa jipya utaonekana kwenye runinga. Akaniuliza, hata mke wangu ataniona? Nikasema mkeo, mama mkwe wako, nchi nzima! Akasema basi haendi. Kila Jumamosi anamuaga mkewe kuwa anakwenda kumwona mgonjwa.

Muuza nyanya kasema kwa bei ile anataka na kitanda. Fundi cherehani kasema atakuja, tena na ndugu zake sita, mradi niwalipie wote. Nimepoteza asubuhi nzima na kiatu kimekatika. Nimerudi na ndala za kuazima.

Usicheke, unatikisa daftari.


Alhamisi, 6 Machi

Miwani kanitukana. Namsema yule mwanamke wa dirisha la tikiti. Tangu siku niliyomwambia mbele za watu kuwa anahesabu kama anatafuta chawa, hatupatani. Nikimsalimia anajibu kwa pua.

Leo nimekuta amebandika karatasi dirishani. Kusoma sijui, unajua. Nikampita. Akaniita kwa sauti ya asali: bibi, usihangaike sokoni, bei imeshushwa, sasa ni sawa na jukwaa la zamani, na tikiti zinakwenda kama maandazi, kesho zitakuwa zimekwisha.

Ananisimanga! Habari ya sokoni imemfikia, sasa anataka wenzangu wanicheke. Nikamjibu zikiisha aninunulie na mimi moja nikafungie vitumbua. Nikaondoka kifua mbele.

Mama Pacha alikuwa nyuma yangu, yeye kasoma hadi darasa la saba. Akanishika mkono, akasema mama, karatasi inasema hivyo hivyo. Nikamwambia karatasi imeandikwa na nani? Si Miwani? Basi! Mwongo akiandika ndiyo anakuwa mkweli?

Akanyamaza. Kwa hiyo nikajua nimeshinda.


Ijumaa, 7 Machi

Hili ndilo. Lazima lifaulu.

Kamera iko upande wa pili, mbali kabisa. Mtu wa mbali ni nini? Ni rangi tu. Sasa kitenge kimoja kinafunika viti vitatu. Ukiwa na vitenge mia na thelathini umewakalisha watu mia nne, hawali, hawatukani mwamuzi.

Mchana kutwa tumekusanya. Vitenge, mashuka, mapazia, taulo la mumeo lile la kijani, usimwambie. Dobi katupa furushi zima ambalo wenyewe hawajaja kuchukua. Wenzangu wamefurahi hao! Mmoja kasema mimi ningesoma ningekuwa waziri. Mama Pacha akauliza taratibu, je, kama watu wakija kweli? Nikamwambia mwanangu, wewe una imani kama watoto wako. Akaleta kitenge chake, kile cha maua ya njano alichovaa siku ya kuwatoa pacha hospitali.


Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Aibu mbele ya macho ya watu na nyuma yake!

Asubuhi tumetandika mistari yote ya mbele, mpaka katikati. Nikavuka ng'ambo kuangalia. Macho yangu haya yenye ukungu yakaona watu! Tena wamependeza. Mama Pacha alipokuja kuangalia akasema yeye anaona vitambaa. Nikamwambia aangalie kwa moyo.

Geti likafunguliwa. Akaingia mzee mmoja na mkewe, tikiti mkononi. Nikashangaa. Wakafika kwenye kiti, wakaona kitenge. Yule mzee akasema "samahani," akakiambia kitenge! Wakasogea. Kiti cha pili kitenge, cha tatu pazia. Nyuma yao wakaja kumi. Nyuma ya kumi wakaja mia. Mkwe wangu, wakaja wote! Miwani alisema kweli. Tikiti zilikwisha tangu Ijumaa saa nne.

Na hakuna aliyekaa.

Atakaaje? Wewe ukikuta kitambaa juu ya kiti, kiwe cha kliniki, kiwe cha harusini, utakaa? Kiti kina mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Sote tumelelewa hivyo, hata mimi, na hata mimi sikulikumbuka hilo!

Viti vya juu mia mbili vikajaa mara moja. Mia nne waliobaki wakasimama kwenye ngazi, kwenye vyuma, wengine wakavamia jukwaa la zamani, kule wakapokewa na viwiko. Nikapita nikiwaambia kaeni jamani, havina wenyewe. Mama mmoja akanikaripia, bibi mzima, unataka tukalie nguo za watu, hukufunzwa? Nikaona nivute nitoe mwenyewe. Nimetoa viwili tu, nikasikia "Mwizi! Bibi anaiba vitenge!" Kijana mmoja pale jukwaani akanipokonya, akavitandika tena, akavinyoosha vizuri, akaniambia nimwogope Mungu.

Kipaza sauti kikatangaza wenye vitambaa warudi kwenye viti vyao. Mara tatu kimetangaza. Tumefunga bao, watu wameruka, wakashuka palepale kwenye ngazi. Na wewe umeniambia mtangazaji wa runinga kauliza kama timu ina msiba.

Sasa sikiliza la mwisho, na hili liandike kwa herufi kubwa ili nisijidanganye baadaye.

Mechi imekwisha, Bwana Uwanja kaja na uso kama chuma. Kaokota kitenge cha kwanza kilicho mbele yake. Maua ya njano. Kauliza hiki cha nani. Mama Pacha akasema changu. Kauliza nani kakutuma. Mama Pacha akaangalia chini. Mimi niko hatua mbili kutoka pale, mkwe wangu, hatua mbili. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa ndala.

Akamwambia asirudi tena. Mama Pacha akasema sawa, bwana. Na mimi bado nimeinama, nafunga hewa.


Jumapili, 9 Machi

Chakula nimekiacha. Wewe umenipikia, asante, lakini hukunitazama wakati unaniwekea. Nimeona.

Nimejiambia labda hotelini watamrudisha. Nimejiambia yeye bado kijana, mimi mzee, nani atanipa kazi. Nimejiambia mengi. Umeacha kuandika. Andika tu, hata kama ni upuuzi ni upuuzi wangu.

Saa kumi hodi. Mama Pacha. Amebeba furushi kichwani. Kumbe jana alipofukuzwa hakuenda kulala, alizikusanya nguo zote, maana watu walizikanyaga wakati wa kutoka, akazifua. Mia na thelathini! Akazipiga pasi. Leo anapita nyumba kwa nyumba kurudisha, kwa sababu kasema tuliazima kwa midomo yetu. Kanipa changu kimekunjwa. Taulo la mumeo nalo.

Nikataka kusema. Mdomo huu, ambao haujawahi kukosa neno, leo umekosa. Nikamwambia eti, hujambo na jua hili. Akasema sijambo mama, pole na uchovu.

Pole na uchovu! Mimi!

Bora angenizaba kofi.


Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda. Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bwana Uwanja.

Nilianza vibaya. Nikasema bwana, lile jambo tuliamua. Akauliza nyie nani. Nikasema sisi, kwa jumla. Akauliza kwa jumla ni nani. Nikasema kwa kweli kulikuwa na mawazo yanazunguka zunguka tu. Akaweka kalamu chini. Nikaangalia miguu yangu, nikaziona zile ndala, nikasema mimi. Ni mimi peke yangu. Mama Pacha alinionya mara mbili. Wewe ulipouliza, nilikuwa nimejificha kwenye miguu yangu mwenyewe.

Akaichukua kalamu tena. Kisha akasema na ile bei pia ilikuwa yako. Nikasema ndiyo, bwana. Akasema yeye naye ni mjinga, alinisikiliza. Hapo tulikuwa wawili.

Amesema Mama Pacha arudi leo leo. Mimi nikae nyumbani mpaka aniite. Na wote waliokosa viti Jumamosi wamepewa nafasi ya bure Jumamosi hii, viti vilivyobaki vimeshanunuliwa, jukwaa limejaa hadi kiti cha mwisho. Wenye timu watakuja kuangalia kwa macho yao. Wakiridhika, kazi ya wale wanane imesalimika. Likitokea fujo tena, wanafunga.

Akaninyooshea kidole, lakini kwa adabu. Bibi, kazi yako ni moja tu. Usifanye kitu. Hata kitu kizuri usifanye. Nikaapa.

Nimepita kwa Mama Pacha kumpa habari. Nimemwambia yote, na ya bei. Amelia kidogo. Kisha akasema yale ya bei walijua wote, maana nilimhadithia mama wa chai siku ile ile. Wiki nzima wananisitiri! Sijui nifiche wapi uso huu.


Jumatano, 12 Machi

Nimetulia sasa. Nimejifunza. Andika hivyo, amejifunza. Mtu mzima akikosea anakaa chini, anafikiri, anaacha mambo ya watu. Siku mbili sijatoka. Nimechambua mchele hata ambao haukuwa na mawe.

Ila nimefikiri jambo moja, dogo. Wenye timu wakija Jumamosi watakuta watu wamekaa. Vizuri. Lakini mtu kukaa tu si kitu, hata msibani wanakaa. Panatakiwa shangwe! Nimemwazia Mama Pacha. Mtu aliyefua nguo mia na thelathini kwa ajili ya kosa langu, nimwachie hivi hivi, bahati nasibu? Lazima wenye timu waondoke wanacheza.

Kwa hiyo jana, hapana, sikutoka, nilisimama tu mlangoni, akapita mwalimu wa bendi ya matarumbeta, ile ya sare nyekundu. Nikamwambia Jumamosi waje, watu ishirini na tano, mstari wa mbele, bure, Bwana Uwanja anajua. Si atajua? Akiwaona atajua.

Hapo sijafanya kitu. Nimesema tu.

Jioni akapita yule wa bendi ya sare nyeupe, naye nikamwambia. Maana wekundu wana tabia ya kuchelewa. Nilimwambia ni wao peke yao, mtu ukimwambia mko wawili anajisikia vibaya. Mstari wa mbele ule ule. Hamsini jumla. Watabanana! Kwani nani kasema vile viti vimejaa mpaka mwisho? Bwana Uwanja? Yule amewahi kupangusa kiti?

Mbona unaniangalia hivyo? Nimelipanga hili, mwanangu. Hili halina vitenge.

Nini hicho? Ngoma? Nani anapiga ngoma saa hizi? Chungulia dirishani, wewe uko karibu. Wekundu? Niliwaambia waje hapa leo wapangiwe nafasi, ndiyo, ni wao. Na wale wengine nyuma yao? Sare gani? Angalia vizuri.

Nyeupe.

Wameonana? Huyo mwenye tarumbeta kubwa ameliinua ili apige, au ili ampige nani? Sikiliza, Mama Pacha huyo yuko getini kwetu, ananiita. "Mama! Mama, hebu toka, hawa watu wanasema umewaahidi!"

Naja, mwanangu! Navaa viatu kwanza, nafunga kamba!