Bara, Kisiwa na Ukuta wa Bahari

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakuu wa idara na makaimu wao. Mwenyekiti wa kamati ya viti. Mkunga wetu wa zahanati. Wazee, kina mama, na ninyi mliobaki nje kwa sababu ukumbi umeingia maji: salamu tele. (Makofi ya watu watatu.)

Ndugu wananchi, leo nawaletea jiografia linganishi baina ya bara na kisiwa, kazi niliyoifanya kisayansi kwa miezi minane, ofisini, mbele ya ramani ya ukutani, kwa rula. Bara, pamoja na majivuno yake yote, lina upana wa sentimita sitini. Sisi, tunaoitwa kajisiwa, tuna kumi na nne! (Miguno.) Yaani, kistratejia, bara limetuzidi mara nne na ushee tu, halafu mtu anasema kisiwa hiki anakizunguka kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Unazunguka banda lako, baba! (Msukuma mkokoteni: "Nimekizunguka leo asubuhi, mheshimiwa!" Kicheko.)

Tuendelee. Bara lina milima, mito na majangwa. Je, lina ukuta? Halina! Bahari inalila pande zote, na wenyewe wamekaa tu. Sisi tuliowaahidi ukuta wa bahari tumezungukwa na ukuta mweusi, imara, wenye pembe nne, sawa na asilimia mia moja na mbili ya malengo ya mpango mkakati, na nimeukagua kila siku kwa macho yangu.

(Mkunga anasimama, viatu mkononi: "Mheshimiwa, jana nimezalisha maji yakinifika magotini. Kichanga nimekilaza juu ya kabati la mafaili. Mkwe wangu naye amebakiza siku mbili tatu tu ajifungue. Huo ukuta uko wapi?")

Mama mkunga, hasira hasara. Ukuta upo, wala haujapata ufa tangu nihamie ofisi ile. Hivyo basi, maji ya wodini, kwa kuwa yamo ndani ya ukuta, si ya bahari, ni yetu wenyewe; ni rasilimali, na wadau tutayaundia kamati. (Wanazomea.)

Nimalizie. Nikisema "Kisiwa", mnaitikia "Kikubwa"! Kisiwa! (Sauti moja: "Kinazama!") Asanteni kwa hamasa. Kipekee namshukuru mchora ramani, aliyetutoa katikati ya bahari, ambako eti tulikuwa nukta tu, akatuchora upya, wakubwa, kwenye kona ya karatasi, kisha akatuzungushia ukuta huo kwa kalamu moja, bila kudai hata mfuko wa saruji. Mama mkunga, karibu ofisini uje uuguse mwenyewe. Ila ukaushe mikono kwanza, wino usije ukachuruzika.