Nilivyoaga Jukwaa la Parma

Jumatatu, 3 Machi 1958

Majina ya opera mpya yamebandikwa mlangoni. Ilde Ferrarini, soprano wetu mwenye sauti nyembamba, ni malkia. Mimi, Argia Montacchini, ni mama yake. Mama! Ilde ananizidi miaka mitatu. Tulisoma katekisimu kwa mtawa mmoja, yeye akikaa na wakubwa. Na huyo mama anafariki mapema, nyuma ya pazia. Miaka ishirini ya wachawi, yaya na akina mama, kisa Mungu kanipa sauti nzito!

Lakini nina akili. Nitatangaza kwamba naacha kuimba. Parma haitakubali. Dokta Ghiretti, mkurugenzi wetu, atapiga magoti. Nitakataa. Atalia. Nitakubali, shingo upande, kuwa malkia.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Ghiretti. Nilishika pazia, nikadondosha chozi la jicho la kushoto, lile linaloonekana vizuri. Akasema pole sana, Sinyora, basi Jumamosi ukumbi uko wazi kwa onyesho la kuaga.

Anaficha uchungu. Wanaume ndivyo walivyo.

Jumatano, 5 Machi

Gazeti limeandika. Mistari mitatu, chini ya bei ya nguruwe.

Dada yangu Desolina, ninayeishi naye, kauliza nitashinda wapi sasa, maana jikoni kwake hataki mtu. Nikamwambia siendi popote, hii ni mbinu. Akaendelea kukanda unga kana kwamba umemkosea.

Kwa usalama nimempitia Primo, muuza nyama. Ndiye mkuu wa wale watazamaji wa roshani ya juu kabisa. Wakikuzomea hao, unahama mji. Tumeelewana: nikimaliza wimbo wa mwisho apaze sauti, "Usituache!" Wenzake wataitikia. Nimemwahidi kuimba kwenye harusi ya binti yake.

Ijumaa, 7 Machi

Ilde kaja na keki. Kanibusu mashavu yote mawili.

"Shikamoo, dada Argia!"

Shikamoo! Kwangu mimi! Ningefanya nini? Nikaitika marahaba. Akasema nina bahati, sasa nitakuwa nalala mapema na soksi miguuni.

Keki ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Niandike ya jana kabla sijapasuka.

Ukumbi ulifurika. Nikaimba. Mungu shahidi, sijawahi kuimba vile! Noti ya chini kabisa ilitoka laini mpaka mpiga fidla wa kwanza akainua macho. Nilisahau mbinu zote. Nilitaka tu wimbo usiishe.

Ukaisha. Kule juu Primo akasimama, uso umelowa machozi. Akafungua mdomo. Maneno yakampotea.

"Kapumzike, mama!" akapiga kelele.

Roshani nzima ikadaka: "Kapumzike! Kapumzike!"

Ghiretti akaingia na zawadi ya mji. Kiti cha kubembea! Ilde akanikalisha kwa mikono yake mwenyewe. Wanaume wanne wakaninyanyua na kiti changu, watu wakinipungia leso, mimi nikipiga kelele kwamba nimebadili nia. Orkesta ilikuwa inapiga. Walidhani nashukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Nafasi ya mama kapewa binti wa miaka ishirini na sita kutoka Modena. Modena! Watampaka mvi!

Nikamkimbilia Ghiretti. Nikamwambia naitaka. Mama, yaya, mchawi, chochote. Hata nifie nyuma ya pazia. Akanishika mkono kama mtu aliye msibani. Akasema watu wamelia Jumamosi. Akinirudisha Jumatatu watamla mbichi.

Nyumbani nimelia kweli, macho yote mawili. Desolina akaniwekea bakuli la anolini, tambi zilizojazwa nyama, kwenye mchuzi wa moto, akakaa kando yangu, jambo asilolifanya.

"Mdogo wangu," akasema, "waambie tu ukweli. Ulitaka wakubembeleze."

Ukweli! Baada ya mji mzima kunipungia leso! Desolina hajui chochote kuhusu sanaa. Nilimaliza bakuli, nikaongezewa.

Jumatano, 12 Machi

Nimefikiri. Kosa nimeliona. Uongo haukuwa mbaya, ulikuwa mdogo. Anayeacha kazi huambiwa akapumzike. Anayekaribia kufa ndiye huombwa abaki.

Asubuhi nimekohoa mara mbili dukani kwa mwokaji mikate. Mkewe akauliza kama ni kifua. Nikatazama chini tu. Akajishika mdomo! Kufika mchana Primo ameshaleta soseji za mgonjwa, analia tena. Desolina akazikaanga, akanitazama nikila nne.

Naugua mwezi mmoja, kisha napona ghafla. Ghiretti mwenyewe atakuja na gauni la malkia mkononi. Jumapili nakohoa kanisani, benchi la mbele, mara tu padre atakaponyamaza.