Pampu ya Mahari Inayojiwasha na Kujizima

Kibamba,
Jumanne asubuhi.

Mheshimiwa Mkwe wangu Elibariki, huko Chang'ombe,

YAH: KASORO YA PAMPU YA MAHARI, NA MKE WANGU KUWA KWAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi sijambo, nguvu ninazo, na barua hii naiandika bila miwani. Darasa la nne la wakati wetu halikuwa mchezo.

Utakumbuka ulipokuja kumposa Adelina, wazee tulitaja dume moja la ng'ombe. Ukasema kiwanja cha Kibamba hakina malisho, ukaleta pampu ya kisima, hospawa moja, ukatueleza maana yake ni nguvu ya farasi mmoja. Tukatoka nje kuteta, tukaona farasi anampita ng'ombe, tukapokea. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Pampu yako inajiwasha na kujizima. Mabomba yote nimeyafunga, hakuna anayeoga wala anayefua, lakini yenyewe inanguruma kidogo, inanyamaza, nikihesabu mpaka arobaini inanguruma tena. Ng'ombe hata awe mkorofi namna gani hana tabia hiyo.

2. Usije ukasema haikutunzwa. Mwezi uliopita niliifanyia sevisi kwa mkono wangu huu. Nikakuta kidude cha shaba kimekaa katikati ya bomba la kutoka kisimani, kinabana njia, nikakitoa ili maji yapite kwa raha. Kidude chenyewe hiki hapa, nimekiweka juu ya karatasi isipeperushwe na feni. Wiki ileile pampu ikaanza vituko, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa na jeuri toka zamani, ilikuwa inatafuta sababu tu.

3. Mkweo Tekla akaanza kunisumbua nimwite fundi Hija. Nikamkumbusha kuwa mimi nilikaa kiwanda cha nguo miaka kumi na tisa, na mitambo ya pale nikikohoa tu ilikuwa inakaa sawa. Fundi wa nini tena? Jumapili baada ya ibada akafunga nguo zake kwenye kitenge, akasimama mlangoni, akaniambia: "Nitarudi siku Hija atakapoitengeneza hiyo pampu, na wewe umekaa kimya." Ndipo akaja kwako. Nakuuliza kwa heshima, dume gani la mahari liliwahi kumfukuza bibi wa nyumba?

4. Ndizi sasa napika mwenyewe. Chini zinaungua, juu mbichi. Hilo nalo ni kosa la pampu.

5. Kwa mila zetu, ng'ombe wa mahari akiwa na kasoro anabadilishwa. Hujabadilisha, kwa hiyo mahari haijatimia. Mahari haijatimia, kwa hiyo posa bado inaendelea. Na kama posa bado inaendelea, Adelina ni binti wa nyumbani kwangu, na wajukuu wangu watatu wametangulia tu, siwalaumu. Naagiza warudi wote Kibamba mpaka dume lipatikane. Na kwa kuwa mkweo Tekla hawezi kukaa siku moja bila wajukuu, itabidi awasindikize. Hapo utaona nimefikiri.

6. Wewe pia ukijisikia mpweke, chumba cha uani kipo.

Nakala ya barua hii nawapelekea wazee wa kanisa, maana sitaki ionekane nimefanya kwa hasira. Nisalimie wote hapo kwako, mmoja mmoja kwa jina. Mkweo Tekla msalimie wa mwisho, ili asidhani nimemkumbuka kwanza.

Ni mimi mkweo, mwenye dai na mwenye nguvu bado,
Mzee Gozbert.

N.B. Kabla sijaifunga, Hija amepita kunisalimia. Sikumwita, nilimkaribisha chai tu. Akakiona kidude juu ya karatasi, akakichukua, akasema hicho ndicho kinachozuia maji yasirudi kisimani, na bila hicho pampu itapandisha maji yaleyale mpaka ife. Amekirudisha. Toka saa nne haijanguruma hata mara moja. Kwa hiyo dume usilete, wazee wa kanisa siwapelekei kitu, na barua hii usiisome kwa sauti. Mwambie tu Tekla kwamba Hija ameitengeneza, nami nilikuwa nimesimama pale pale, sikusema neno. Na nyumba sasa imekuwa kimya mno.