Marcelina Asome Tu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimechoka kudharauliwa! Ijumaa wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi wanakuja kuona programu yetu ya kupimia mizigo. Siku hiyohiyo mkurugenzi, Mzee Elikana, atamtaja mkuu wa kitengo. Tuko wawili tu: mimi Gasper, mkongwe, na Marcelina, katoka Kalinzi juzi tu. Programu karibu yote kaiandika yeye. Lakini seva inayoihifadhi iko chini yangu.

Jumanne, 10 Juni
Nimepanga ruhusa za mafaili. Marcelina asome tu, asiandike. Akirekebisha kitu aniletee mimi, nikiingize kwa jina langu. Akauliza kwa nini seva inamkataa. Nikasema ni usalama. Akauliza usalama dhidi ya nani. Hana adabu!
Kisha nikamkumbuka Mzee. Mkurugenzi mzima asome tu, kama Marcelina? Nikampa ruhusa zote: kusoma, kuandika, kufuta. Nywila nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kasema nimelelewa vizuri. Cheo hicho hapo!

Jumatano, 11 Juni
Marekebisho manne ya Marcelina nimeyaingiza kwa jina langu. Moja silielewi hata kidogo. Mzee kanisifu kwa kuchapa kazi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa! Mzee kaingia kwenye seva kufanya usafi. Mafaili yenye majina asiyoyaelewa, kafuta. Kakuta folda iliyofichwa, kasema kinachofichwa ofisini ni cha wizi, kafuta nayo. Ndiyo yenye historia yote ya programu, nani kaandika nini! Diski ya akiba niliijaza mechi za mpira. Kwenye kompyuta yangu sina kitu, maana mwenye seva anahitaji nakala ya nini?
Mzee kaniita nione palivyong'aa. Nikasema hongera, Mzee. Nikaenda chooni nikalia, kweli kabisa.

Ijumaa, 13 Juni
Wachuuzi wamefika saa tatu, mzani wamebeba wenyewe. Seva tupu. Nikaanza kuwaeleza habari za umeme. Marcelina akasema yeye huvuta nakala nzima kwenye kompyuta yake kila jioni kabla ya kwenda Mwandiga kulala, ya juzi, kabla ya ule usafi, anayo, ila seva haimruhusu kuandika. Watu wote wakanigeukia. Nikampa ruhusa. Dakika kumi programu ikarudi, gunia likapimwa, makofi!
Mama mmoja akauliza kaiandika nani. Marcelina akafungua historia. Jina lake mara mia nne. Langu mara nne. Mzee akamtaja mkuu wa kitengo palepale, akanitaka nitoe neno la pongezi. Nimelitoa.

Jumamosi, 14 Juni
Nimekaa peke yangu nikajichunguza bila kujionea huruma. Mtu mzima lazima akubali kosa lake, na langu nimeliona: nilimwachia kusoma. Asingesoma, angetoa wapi nakala? Jumatatu asubuhi naifuta ruhusa hiyo pia. Mzee abaki na zake zote, yule ni mkubwa wetu.