Mguu Wangu na Safari ya Denmaki

Ijumaa, 6 Februari 1976. Pito.

Lazima nipone kabla ya Jumatano, siku ya usaili! Shule moja ya kimataifa huko Denmaki, Ulaya, inatafuta kijana mmoja wa wilaya yetu. Mmoja tu. Awe na cheti cha kidato cha nne, umri usizidi miaka ishirini. Ninavyo vyote viwili. Fomu nimeifuata misheni mjini kwa miguu, nikichechemea pale tu palipokuwa na watu.

Fomu inadai barua ya balozi wa nyumba kumi, kwamba mwombaji ana tabia njema na afya kamili. Hapo ndipo penye shida. Tangu Novemba kijiji kizima kinajua mguu wangu wa kushoto ni mgonjwa. Ndiyo sababu sijakanyaga shamba la ujamaa, na ngwe yangu anailima mama. Mguu wenyewe hauna kitu.

Denmaki hakuna jembe. Nimeona picha: watu wamekaa vitini, maziwa mezani. Nikikosa nafasi hii, nitafukia majani kwenye matuta ya Ufipa mpaka nizeeke.

Jumamosi, 7 Februari.

Kwa Balozi, Mzee Sebastiani. Nimempa shikamoo mbili, ya pili ya akiba. Nikaomba barua. Akauliza afya kamili ipi, hii inayotembelea mkongojo? Nikasema Denmaki nitatumia kichwa zaidi kuliko mguu. Akasema hawezi kudanganya serikali ya watu. Daftari lake linasema Wilibrodi ni mgonjwa, na mgonjwa nitabaki mpaka nipone mbele ya macho yake.

Mara akaingia binamu yangu Zenon, matope mpaka magotini. Naye anaomba nafasi hiyo hiyo! Kapewa barua jasho halijamkauka. Huyu shuleni alikuwa akinakili hesabu zangu. Zote zilikuwa na makosa, lakini zilikuwa zangu.

Jumapili, 8 Februari.

Muujiza! Baada ya komunyo nimesimama, nimetupa mkongojo, nimetembea mpaka mbele wima kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu hakupiga, alinitazama tu. Mkongojo ulimwangukia katekista Fransisko kwenye kidole gumba, sasa anayechechemea ni yeye.

Balozi akanishika mkono akasema Mungu asifiwe, barua nitapata. Nusura nimkumbatie. Kisha akaongeza kwamba mwili uliopona haujulikani mpaka ufanye kazi. Kesho saa moja asubuhi, shambani.

Mchana wamekuja watu wanne nyumbani kuniomba niwaombee. Mmoja alikuwa anaumwa jino. Nimemwombea kwa moyo wote, ameondoka analia.

Jumanne, 10 Februari.

Siku mbili, matuta kumi na manane. Mvua haikatiki. Unafyeka majani, unayapanga duara, unayafunika kwa udongo, unasogea, unaanza upya. Nani alibuni mateso haya? Nina malengelenge sita kiganja cha kulia, manne cha kushoto. Zenon analima huku anapiga mluzi. Mama, na umri wake, amenipita mara tatu.

Lakini barua ninayo! Nimeikunja ndani ya kofia. Nani kama mimi?

Jumatano, 11 Februari.

Usaili, misheni. Balozi katusindikiza mimi na Zenon. Mwalimu wa shule hiyo ni Mama Inge, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Balozi. Akaniuliza kwa nini nataka kusoma kwao. Nikasema kujenga taifa. Hakusisimka. Kisha akaomba kuona mikono yetu.

Ya Zenon ni migumu, imezoea. Yangu imepasuka kila mahali. Mama Inge akafurahi mno! Akasema huyu analima mpaka anaumia, huyu ndiye wa kwetu. Akaeleza kwamba shule yao ni ya kujitegemea. Wanafunzi huamka saa kumi na moja alfajiri, hukamua ng'ombe themanini, hulima viazi. Wakati wa baridi huchimba theluji kwa koleo mpaka mlango uonekane. Miaka mitatu bila kurudi nyumbani.

Miaka mitatu! Nikamfikiria mama kwenye ile nyumba, peke yake. Nikatamani kulia. Badala yake nikainuka kwenda kunywa maji, nikichechemea vibaya sana. Kwa haraka nilichechemea mguu wa kulia. Balozi akamwambia mgeni kwamba ugonjwa umehama.

Nafasi kapewa Zenon.

Alhamisi, 12 Februari.

Sijawahi kufurahia kushindwa namna hii. Nimepumua! Hata mvua leo ni tamu. Zenon alikuja kuaga ndugu, anajifanya jasiri, midomo inamtetemeka. Nikampa sweta langu zuri. Sijui lilinitoka vipi.

Mama amepika ugali wa ulezi na maharage. Akasema tangu Ijumaa alikuwa anajizoeza kuishi kwenye nyumba tupu, na hajaipenda. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 14 Februari.

Balozi amefuta jina langu kwenye orodha ya wagonjwa. Mguu hauna kazi tena. Lakini nimepata njia safi kuliko zote! Mgonjwa hatakuwa mimi. Atakuwa mama. Mtu anayemuuguza mzazi wake hapangiwi ngwe, hata Balozi ana utu. Kikwazo ni kidogo tu: mama hana budi kulala kitandani wiki mbili au tatu.

Nimemweleza asubuhi hii. Amecheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akachukua majembe mawili pembeni ya mlango, moja akaniwekea mkononi, akatoka.

Maskini, kumbe kubeba mawili kumemshinda. Ugonjwa umeshaanza.