Karti ya Watu Wawili

Kasongo, tarehe 22 Februari 1954

Kwa Bwana Célestin,
Prezida wa Serkle ya Wasomi, hapa Kasongo.

Bwana Prezida muheshimiwa,

Mimi Bulaimu, mushonaji, mwenye cherehani kwenye barza iliyo karibu na soko, nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe na Komite yako nzima. Baada ya salamu naleta masikitiko. Unanijua. Ni mimi niliyeshona vitambaa vya meza kumi na viwili vya Sikukuu ya Wapendanao muliyoifanya Jumamosi na Jumapili, tarehe 13 na 14, kwa heshima ya Mutakatifu Valentino. Mimi Muislamu sikumujua mutakatifu huyo, lakini sikumunyima kitu. Kwa shukrani mulinipa karti ya kuingia. Tangu karti ile ifike nyumbani, Bwana Prezida, mimi niko mugeni kwangu. Naomba unisikilize polepole.

Lalamiko la 1 ni la karti yenyewe. Iliandikwa hivi: «Viti viwili, kwa watu wawili wa nyumba moja wanaopendana.» Mimi niko na bibi wawili. Subira nilimuoa mwaka 1943, Clémentine mwaka 1947, wote kabla ya sheria mupya ya kukataza bibi wawili, na majina yao yamo katika kitabu cha Serikali. Kila mwaka nalipa kodi ya bibi wa pili. Kumbe Clémentine anahesabiwa siku ya kodi, lakini siku ya kula kuku wa sikukuu hahesabiwi?

Lalamiko la 2 ni la mulangoni. Ujue kwanza kwamba bibi hawa walikuwa hawasemezani. Miaka saba mimi ndiye nilikuwa barabara kati ya majiko mawili. «Bulaimu, mwambie yule aondoe mutungi wake.» «Bulaimu, mujibu yule kwamba mutungi wangu haumuzuii mutu kupita.» Karti ilipofika sikuweza kuchagua. Niliiweka juu ya cherehani, nikasema mwenye kuitaka aichukue. Waliichukua wote wawili, kila mumoja kwa upande wake, na hakuna aliyekubali kuachilia. Hivyo hivyo wakatembea mpaka kwenye Serkle, karti katikati yao, wamefunga vitenge vipya, hawatazamani. Mimi nilifuata nyuma na koti langu la arusi.

Mulangoni tulimukuta karani wako Ismaël. Akasoma karti, akatuhesabu, akatuhesabu tena.

«Viti viko viwili tu,» akasema. «Nani anabaki inje?»

Nilitamani ardhi inimeze. Subira akageuka, akamutazama Clémentine usoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Halafu akamwambia Ismaël:

«Si wameandika watu wawili wa nyumba moja? Sisi tuko wawili. Na tuko wa nyumba moja.»

«Na munapendana?» Ismaël akauliza, maana ni mutu wa kufuata maandishi.

Clémentine akamujibu: «Leo tutajaribu.»

Wakaingia. Mimi nikabaki na koti langu.

Lalamiko la 3. Nilikula jikoni, nimesimama, pamoja na mupishi wenu Hippolyte. Juu ya kuku sina neno, na wali ulikuwa wa kweli wa Kasongo. Lakini kupitia dirishani niliona mambo. Subira alikuwa hajawahi kushika forsheti, ile uma ya kulia ya Wazungu. Alipolichoma paja la kuku, paja likaruka mpaka kwenye sahani ya bibi wa mwalimu Emile. Nikasema basi, leo Clémentine atamucheka, na vita itaanza. Alicheka, kweli. Lakini alimushika Subira mukono, akamuonyesha namna ya kukata, naye Subira akacheka pia, wakacheka wote mpaka wakafunika nyuso zao kwa kitambaa cha meza. Kitambaa hicho nani alikishona? Mimi. Na mimi niko wapi? Jikoni, na mufupa mukononi.

Lalamiko la 4 ni zito. Gramafoni ilipoanza, mulitangaza zawadi kwa wawili wanaopatana kwa dansi kuliko wengine. Makarani wako walicheza wakikanyaga viatu vya bibi zao. Bibi zangu wote wawili ni watoto wa upande wa Kabambare. Walicheza kama wanavyocheza kwao, bega kwa bega, na watu wakasimama kuwatazama. Mukawapa zawadi. Zawadi gani, Bwana Prezida? Blanketi moja, nyekundu, ya watu wawili! Komite haikufikiri? Sasa wanalala chumba kimoja ndani ya blanketi hiyo, wanaongea mpaka usingizi uwachukue, na mimi ninalala peke yangu karibu na cherehani.

La 5. Jumapili kwenye sinema, viti viwili tena. Nilikaa nyuma ya shuka ya kuonyeshea picha, pamoja na mbuzi wa jirani. Kutoka kule niliona askari wote wa picha wanapiga saluti kwa mukono wa kushoto. Mpaka leo sijui kama ndiyo desturi ya Ulaya ama ni mahali nilipokaa.

La 6. Zamani kila mumoja alipika ili amushinde mwenzake, na mimi nilikula mara mbili. Sasa wanapika chungu kimoja. Nikisema chumvi haitoshi, wao wawili wanasema inatosha, na mambo yamekwisha.

Kwa hiyo naomba Komite iifute sikukuu hii milele. Kama haiwezekani, muongeze kiti cha tatu. Na kama meza zenu zinakubali wawili wawili tu, basi mumwandikie Bwana Administrata aniruhusu kuoa bibi wa tatu, ili tuwe wane na tugawanyike sawasawa. Najua sheria imefunga mulango huo. Mumueleze kwamba si tamaa, ni mambo ya viti.

Unisalimie Mama Marie-Louise, bibi yako, na Komite yote, na Hippolyte. Ismaël pia umusalimie, lakini kidogo.

Mimi, mwenye huzuni na adabu,
Bulaimu, mushonaji

N.B. Nilimupa Clémentine barua hii anisahihishie, maana yeye alisoma kuliko mimi. Akamusomea Subira kwa sauti. Walipofika kwa bibi wa tatu, wakanigeukia wote wawili. Nikatafuta kofia yangu nitoke. Ndipo Subira akauliza, «Bulaimu, na huyo wa tatu atapika siku gani, ama naye atakula jikoni na wewe?» Wakacheka mpaka jirani Cécilia akaja kuuliza kuna nini. Halafu wakaniita, tukala watatu katika sahani moja, mara ya kwanza tangu nioe. Bwana Prezida, ufute maneno yote niliyoandika hapo juu. Sikukuu iendelee, hata kila mwezi, na vitambaa vya meza nitashona bure. Barua nilitaka kuichana, lakini wamenikataza. Wanasema Mama Marie-Louise naye aisome. Unisamehe doa la mafuta pembeni: ni ya samaki.