Jitu Lifufuliwe Mpaka Nijibiwe

Bungoma,
Alhamisi, 8 Juni 2006.

Kwa Mwalimu Waithaka,
Mwamuzi wa Mchezo wa Jumamosi,
Chumba cha nyuma, duka la mbegu la Thuo,
Kitale.

Mwalimu mheshimiwa,

KUH: KITENDO CHANGU KILICHOKATALIWA VITANI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umemaliza kusahihisha mitihani ya Kidato cha Pili. Mimi pia ni mzima, kwa maana ya kwamba natembea na kula.

Kwa kuwa huenda barua hii ikasomwa siku moja na watu wasiotujua, nieleze kwanza sisi ni nani. Tuko watu wazima wanne, wewe wa tano. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi mchana, tunakutana nyuma ya duka la Thuo, tunalaza mlango mkuukuu juu ya magunia ya mbolea ukawa meza, na tunacheza ule mchezo ambao ndugu yako alikutumia kitabu chake kutoka ng'ambo. Kila mmoja wetu ana mtu wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi. Wewe husimulia yanayowapata, sisi husema wanafanya nini, na dadu la pande ishirini huamua kama wameweza. Mtu wangu anaitwa Sitati, askari wa panga na ngao. Wilkista, ambaye ni muuguzi, ana mwindaji wa upinde. Jerono wa hoteli ya chai ana mwizi. Thuo ana shujaa asiyevaa shati.

Sheria yako ni kwamba vita vikianza, kila mtu kwa zamu yake anapewa hatua sita za kutembea na kitendo kimoja. Kuhusu hicho kimoja sina neno. Shida yangu ni kipi kinaitwa kitendo na kipi hakiitwi, kama ulivyoamua tarehe 27 Mei tulipokutana na jitu lenye kichwa cha fisi katika pango la juu ya Kapsokwony.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuchomoa panga. Uliamua kwamba kutoa panga alani ni kitendo kizima, na kabla Sitati hajalitumia akapigwa rungu la kifua. Panga la Thuo halikuhitaji kuchomolewa. Nilipouliza sababu, Thuo alijibu, "Langu liko mkononi tangu Januari, bana." Ukakubali. Maana yake ni kwamba mtu huyo amelala, amekula na amevuka mto Nzoia akiwa na panga mkononi kwa miezi mitano, na hakuna aliyeshangaa.

2. Kusimama. Rungu lile lilimwangusha Sitati. Nikasema anasimama na kukata jitu mguu. Ukasema kusimama ndicho kitendo chake. Nikakuuliza kwa heshima kama mtu akianguka asisimame. Ukasema, "Asimame. Lakini asimame tu." Akasimama tu. Akapigwa tena akiwa amesimama tu.

3. Sala. Akiwa chini mara ya pili, niliomba Mungu kwa niaba yake, maneno machache, bila kufumba macho. Ukahesabu sala kuwa kitendo. Muda huohuo Jerono alilitukana jitu kuanzia meno yake hadi mama yake, akaongeza kwamba haliogi na mto uko mlangoni, na ukasema hayo ni maneno tu, ni bure. Mwalimu, wewe ni mzee wa kanisa. Sitaki kukufundisha, lakini katika pango lile kutukana ni bure na kuomba kunalipiwa.

4. Hili ndilo lililonifanya ninunue karatasi.

Zamu yangu ya mwisho ilipofika, Sitati alikuwa hai kwa pumzi moja tu. Wilkista alikuwa amebaki na mshale mmoja. Jitu lilikuwa katikati yetu. Niliona kwamba dadu likikataa, Sitati amekwisha, na akishakwisha sitakuwa na kisingizio cha kuja Kitale. Basi nikafungua mdomo na kusema, "Wilkista, tukitoka humu tukiwa hai, ningependa nikuoe."

Wote mlisikia. Thuo aliacha kutafuna njugu. Jerono aliweka birika chini. Na wewe, ukiwa na penseli sikioni, ukaniuliza, "Kitendo chako ni kipi?"

Nikasema, "Ni hicho."

Ukasema, "Hayo ni maneno. Maneno hayahesabiwi vitani. Chagua kitendo."

Nilichanganyikiwa, nikasema nainua ngao. Ikaandikwa kwamba Sitati ameinua ngao. Zamu ikaenda kwa Wilkista, naye bila kunitazama akasema, "Napiga mshale." Dadu likatua kwenye ishirini. Mshale ukaingia shingoni, jitu likaanguka, mkashangilia, chai ikaja, na neno langu likapotea katika kelele hizo. Hakuna aliyelitaja tena. Jerono alinipa mandazi mawili, jinsi watu wanavyompa mfiwa.

Mwalimu, nina miaka thelathini na tisa. Nilikuja kwenye mchezo huu kwa sababu Wilkista alinialika siku alipomsindikiza shahidi mahakamani, na kwa mwaka mmoja na miezi minne nimekuwa nikitafuta nafasi ya kusema neno hilo. Nimelibeba kutoka Bungoma hadi Kitale na kulirudisha kila safari. Mimi, Mukhisa, sikuweza kulisema. Sitati aliweza, akiwa na mbavu tatu zimevunjika, na wewe ukamwambia hajafanya kitu.

Sasa tulitazame jambo hili kisheria. Nimekuwa karani wa mahakama miaka kumi na mmoja. Nimemwona mwanaume wa kilo mia akipelekwa rumande kwa neno moja, "ndiyo". Kanisani watu wawili huingia wakiwa majirani, husema sentensi mbili, na kutoka wakiwa na kitanda kimoja. Kama maneno si kitendo, hao wote warudi makwao. Tena nikuulize kwa upole: wewe mwenyewe mezani hufanya nini isipokuwa kusema? Hujawahi kuinua rungu. Ulisema kuna pango, tukaingia. Ulisema kuna jitu, tukaogopa. Ikiwa maneno hayahesabiwi, basi jitu halikuwepo, mbavu za Sitati ni nzima, na sisi ni watu watano tuliokaa juu ya mbolea mwaka mzima na zaidi bila kazi.

Kwa hivyo naomba yafuatayo:

(a) Uamuzi wa tarehe 27 Mei ufutwe, na neno langu liandikwe kuwa kitendo halali.

(b) Ngao ishushwe. Sikuitaka.

(c) Jitu lifufuliwe, lisimamishwe pale lilipokuwa, na lisubiri. Wilkista apewe zamu yake upya, na asiruhusiwe kupiga mshale mpaka ajibu. Akitaka kufikiri, jitu liendelee kusubiri. Mimi nimesubiri zaidi.

Nisalimie mama watoto, Nyaruai, na mwambie zile mbegu za sukuma zilishika vizuri. Nisalimie Thuo, hata na panga lake. Nisalimie Jerono. Wilkista usimsalimie kwa niaba yangu, maana salamu nazo ni maneno, na sitaki zikataliwe.

Mimi mchezaji wako mtiifu, ninayengoja haki,
Hillary Mukhisa (pia kwa niaba ya Sitati).

Nyongeza, Ijumaa saa nane mchana, nikiwa nyumbani kwa chakula.

Mwalimu, barua hii ilikuwa mezani bila bahasha asubuhi hii wakati Wilkista alipotokea kwenye dirisha la masjala. Alikuwa ameleta ripoti ya zahanati. Aliiona, akaisoma yote akiwa amesimama, hata (c). Nilijifanya natafuta faili.

Alipomaliza aliniuliza, "Mwalimu alikosea wapi?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mtu wa rumande. Akanikatiza. "Ati maneno ni kitendo. Hillary, hospitali imejaa wanaume wenye maneno. Mimi nilisikia vizuri siku ile. Nikaua jitu haraka nione kama utarudia bila jitu. Ukanywa chai, ukala mandazi mawili, ukaenda stendi."

Akasema kesho atakuwa kwao Bokoli, baba yake atakuwa nyumbani, na mtu anayetaka kuhesabiwa anajua barabara. Akasema pia niende mimi mwenyewe, Sitati nimwache.

Kwa hivyo ulikuwa sahihi, na nayaondoa malalamiko yote manne. Jitu lizikwe. Barua hii anakuletea Wilkista mwenyewe leo jioni, kwa sababu amekataa niichane.

Kesho msiningoje. Mama amenipigia shati pasi mara mbili tangu saa saba, na bado sijamwambia ninakwenda wapi.